Nilimtembeza Mama Peku ili Tukaione Jamaika

Admin, jina langu lifiche kabisa, na mtaa ukitaka kuutaja taja Ipuli tu, maana Ipuli tuko wengi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, fundi cherehani hapa Tabora. Nimeachika, sina mtoto, naishi na mama yangu mzazi. Haya ninayoyaandika yananitia kinyaa, na nusu ya kinyaa chenyewe najionea mwenyewe.

Mama ana miaka sitini na nne. Baba alipofariki alitulea mimi na dada yangu kwa kushona kofia za vito, zile za kudarizi kwa mkono, na hatukulala njaa wala hatukuvaa matambara. Ni mtu wa mjini, msafi, buibui lake linapigwa pasi hata akienda dukani kununua chumvi. Ila bahari hajawahi kuiona. Kwa upande wa mashariki mwisho wake ni Tura, alikokwenda kwa treni kumzika shangazi yake.

Dada anaishi Ulaya, ana ukurasa wa mambo ya utalii wenye wafuasi wengi. Miezi mitatu iliyopita akapiga simu: "Mama, nakupeleka Jamaika siku saba, na mdogo wangu atakusindikiza." Mama akauliza, "Kwani bahari ya Dar imekauka?" Tulicheka sana. Tangu hapo kila baada ya alasiri tukawa tunakaa na daftari kupanga: siku ya kwanza kupumzika, ya pili maporomoko ya maji, ya tatu kuteremka mto kwa chelezo cha mianzi, ya nne milima ya kahawa, zilizobaki ufukweni. Mama alitaka kujua huko kibla kiko upande gani, na kama watu wa huko samaki wanamla na kichwa. Kuogelea alikataa: "Nitakanyaga maji tu, kuogelea wameumbiwa samaki." Nikamshonea magauni saba ya mikono mirefu, moja kwa kila siku.

Sasa kwetu mtu akienda safari ya mbali hupita kwa majirani kuomba radhi, maana kufika na kurudi anajua Mungu. Mama alipoanza kupita, dada akasema nimrekodi, iwe kumbukumbu. Nikamrekodi kwa moyo mweupe. Mama na buibui lake, na viatu vyake vyeusi, anaingia kwa Mama Sauda, jirani yetu wa miaka mingi: "Nimekuja, mwenzangu. Nilipokukosea niwie radhi." Mama Sauda akajibu, "Nimekuwia, duniani na akhera. Na wewe uniletee mchanga wa huko." Wakacheka, wakanywa kahawa.

Dada akanitumia ujumbe wa sauti: "Mdogo wangu, hii haina uhai. Mama kapendeza mno. Mwambie arudie, avae kanga kuukuu, avue viatu. Na wasicheke, walie."

Hapo ndipo nilipotakiwa kukataa. Sikukataa. Nilikuwa nimeshajiona nimejilaza ufukweni na miwani ya jua, nikiwatumia picha mashoga zangu waumie roho. Nikamdanganya mama kwamba simu haikurekodi. Akanitazama. "Radhi inaombwa mara mbili kwa kosa lile lile?" Nikamwambia kwamba dada ndivyo anavyotaka, eti iwe ya asili. Akajifunga kanga kuukuu, akavua viatu, akavuka barabara peku kwenye jua la saa saba. Mama Sauda alipomwona vile akadhani mwenzake ana ugonjwa anauficha, ndiyo maana amerudi kuaga. Akamkumbatia akalia kweli kweli, na mama naye akashindwa kujizuia. Mimi nikasogeza simu karibu ili machozi yaonekane. Aibu iliyoje!

Wiki iliyopita shoga yangu akanionyesha ile video kwenye ukurasa wa dada. Juu yake ameandika: "Mama yangu wa porini, hajawahi kuvaa kiatu, nampeleka kuiona bahari." Chini watu wanamcheka, wengine wanamhurumia, mmoja anauliza kama choo anakijua. Na dada kawajibu kwa vicheko! Mtoto aliyesomeshwa kwa sindano ya mama huyo huyo. Nilikimbilia nyuma ya nyumba, mama asinisikie.

Nikampigia. Wala hakushtuka. Akasema hoteli imetukaribisha bure kwa sababu ya video hizo, na kila siku ina yake: siku ya pili mama apige mayowe akiona maporomoko, siku ya nne ahangaike na uma na kisu mezani, siku ya tano aonje maji ya bahari ayateme. "Hayo magauni yako yaache huko huko Tabora," akaniambia. "Bila video hakuna safari. Ukimwambia mama, wewe ndiye utakuwa umemharibia."

Tunaondoka baada ya siku kumi na moja. Mama simu yake ni kitochi kisicho na intaneti, hajui lolote. Mtaa mzima umeshamwombea dua. Nikimwambia, atajua kwamba binti yake mkubwa anamfanya kichekesho, na binti yake mdogo ndiye aliyeshika simu. Kwa Mama Sauda atarudi na uso gani? Nikinyamaza, nitapanda naye ndege kwenda kumgeuza kinyago siku saba, na yeye atakuwa anamshukuru Mungu kwa watoto aliompa.

Leo asubuhi nilikuwa kwenye cherehani, mama akaja akakaa kwenye mkeka karibu na miguu yangu. "Nimemaliza mtaa mzima," akasema, "umebaki wewe. Nimekuzaa, nimekulea, sikosi kuwa nimekukosea mahali. Niwie radhi, mwanangu." Akawa ananingoja nijibu. Nilishindwa, nikasingizia uzi umekatika. Mpaka naandika hapa sijamjibu, na kila nikipita ananitazama akidhani nina kinyongo naye.

Ndugu zangu, nishikeni mkono kwa ushauri, hata wa kunitukana naupokea. Nimjibu nini mama yangu?