Nne Iko Wapi?

Jumatatu asubuhi mwalimu wa chekechea alisimama mbele ya mikeka, akainua mkono wa kushoto, akaanza wimbo aliouimba kwa miaka ishirini na mbili.

"Moja kaamka, mbili kanawa, tatu kavaa, tano kafika!"

Watoto wakaangua kicheko. Mmoja wa mbele, ambaye hata kufunga vifungo vya shati alikuwa hajajua, akamsahihisha: "Mwalimu, umekosea! Ni moja kanitazama, mbili kacheka! Huo wimbo umemwibia msanii!"

Na darasa zima likakunja kidole cha pete, kama msanii anavyofanya kwenye video, likakatika viuno. Wana miaka mitano hao. Mwalimu akashusha mkono. Mwizi yeye, wa wimbo wake mwenyewe!

Sasa tuelewane kuhusu hicho kidole. Binti wa mwalimu alizaliwa na vidole vinne mkono wa kushoto. Cha pete hakikuja. Alipoanza chekechea kwa mama yake, kila mapumziko wenzake walimzunguka wakimhesabu vidole kwa sauti. Mama hakumchapa mtu. Alikaa jioni moja akatunga wimbo unaoiruka nne, akaamuru darasa zima likunje kidole hicho wakati wa kuimba. Baada ya wiki mbili watoto wa watu waliamini kwamba baada ya tatu huja tano, wazazi wakaja juu, na binti akaruka kamba na wenzake bila mtu kumtazama mkono.

Enzi hizo, kwenye mkeka wa mlangoni alikaa mtoto mmoja ambaye pua yake haikukauka mwaka mzima, wakamwita Kamasi. Ndiye huyo msanii. Mwalimu alimpangusa kwa leso yake mwenyewe. Asante ya punda ni mateke.

Hata hivyo angesamehe. Lakini binti, ambaye sasa anauza dawa kwenye dirisha la famasi, alirudi nyumbani na glavu ya mpira mkononi. Mteja alikuwa amemwona akipokea karatasi ya daktari, akacheka, akamkunjia kidole: "Kumbe dada na wewe unaucheza!" Kesho yake wakaja wengine watatu kuchungulia. Kidole cha nne cha glavu alikuwa amekijaza pamba. Mkono ule hakuwahi kuuficha maishani, si siku ya kupigwa picha, si siku ya kuomba kazi. Mama alikitazama kile kidole cha pamba, damu ikamchemka. Wimbo alioutunga kumsitiri mwanawe ndio sasa unamvua nguo mbele za watu.

Akapeleka malalamiko ofisi ya hakimiliki. Siku ya kusikilizwa, afisa alikuwa mtu mpole, na upole wake ulimkera mwalimu kuliko matusi.

"Uliurekodi, mama?"

"Sikuurekodi."

"Uliuandika popote?"

"Ubaoni."

"Na maandishi hayo yapo?"

"Nilifuta. Kwani ubao kazi yake nini?"

Wakili wa msanii akakohoa kidogo. "Wimbo wa kuhesabu ni wa watu wote. Mteja wangu ameusajili kama wimbo wa jadi, mtunzi hajulikani. Hakuna anayemiliki namba."

"Hajulikani!" Mwalimu aligonga meza hadi vikombe vikaruka. "Kamasi, hebu nitazame. Siku uliyojikojolea, nani alikubadilisha kaptura? Mimi leo sijulikani?"

Kamasi alipandisha miwani ya jua kichwani. "Shikamoo, mwalimu."

"Shikamoo yako kaa nayo. Hesabu!"

"Lakini mwalimu..."

"Hesabu, nimesema!"

Mtoto ni mtoto tu mbele ya mwalimu wake, hata akiwa na walinzi wawili mlangoni. "Moja, mbili, tatu, tano."

"Nne iko wapi?"

"Si ndivyo ulivyotufundisha?"

Wakili alifumba macho. Ulimi hauna mfupa. Afisa aliacha kuandika, akaweka kalamu chini.

"Mama, nakuamini," akasema. "Ameutoa kwako, sina shaka. Lakini maneno kayabadilisha, na mahadhi yake yanafanana na ya nyimbo mia za watoto. Kilicho chako peke yako ni hiyo namba isiyokuwepo. Sheria hailindi pengo."

Binti alikuwa amekaa karibu na mlango muda wote. Akaja mezani, akavua glavu. Pamba ikaangukia karatasi za wakili. Akauweka mkono mbele ya Kamasi.

"Pengo lenyewe hili. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Katika wale waliokuwa wakimhesabu binti vidole, sauti yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Uso ukamshuka. Akasema atalitaja jina la mwalimu kwenye kila jukwaa, wakili akamfinya chini ya meza.

"Jina nilifanyie nini?" mwalimu akafoka. "Waambie watu waache kukunja kidole!"

"Hilo siliwezi tena, mwalimu," Kamasi akasema polepole. "Sasa hivi kila mtu anacheza hivyo."

Hapo alisema kweli, na ndiyo iliyomuumiza mwalimu zaidi. Maji yalikuwa yameshamwagika.

Walipotoka, langoni mlinzi wa ofisi, mwenye mvi masharubuni, alikuwa amefungulia simu kwa sauti ya juu. Tatu kasogea, ikaimba simu, na mzee wa watu akakunja kidole chake cha pete, akatikisa mabega.

Binti akamshika mama yake mkono. "Mama, mwache. Hajui."

"Naam, hajui." Mwalimu aliweka mkoba chini, akamkabili mlinzi. "Baba, zima hiyo simu. Nyoosha mkono wa kushoto."

Mlinzi akazima, akanyoosha, asijue kwa nini anatii. Binti akasita. Kisha akaunyoosha wake, mtupu, kando ya ule wa mlinzi. Mwalimu akaanzia kidole gumba: "Moja kaamka..."