Nilidarizi jaketi za klabu kama kofia, zikachukuliwa Mokowe

Wakuu, salamu kwenu, mnaochangia na nyinyi mnaosoma kimyakimya kisha mnakwenda kusimulia kwenu.

Naanza na aibu yangu kabla hamjanikamata nayo. Jaketi za kuelea za klabu yetu ziliharibiwa na mtu mmoja. Si panya, si jua, si chumvi. Ni mimi, kwa sindano yangu, tena nikiwa nimekaa juu ya mkeka najisifu.

Sitaongeza chumvi. Jina moja tu nimelibadilisha, na mwenyewe akisoma atajijua.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza form four, nikarudi mtaani kwetu Mkomani, hapa Amu, nikaketi. Kazi yangu ni kushona kofia, zile za vitobo, ambazo kila kitobo unakitoboa kwanza kisha unakizungushia uzi. Kofia moja yaweza kunila miezi. Baharini siendi. Nikivuka kwenda Mokowe tu natapika, na hapo ni kutupa jiwe.

Sasa mtu kama huyo anafanya nini kwenye klabu ya kayak?

Anatunza store. Dada yangu mdogo, Mwanaidi, ndiye anayefundisha wasichana wa mtaani kupiga kafi. Vifaa vikawekwa kwenye chumba chetu cha chini kwa sababu, kwa maneno yake, "Kaka hatoki, ufunguo hautapotea."

Nikakubali. Ni cheo.

Jambo moja mlielewe, maana ndilo lililonifanya niandike. Wazazi hawakuwa rahisi. Mama mmoja alikuja akashika jaketi, akaivuta huku na huku, akauliza ikilowa inakuwaje, ndipo akasema sawa. Masharti yao yalikuwa hayo tu: binti atoke na jaketi nzima mwilini, au asitoke. Jaketi zikiisha, masomo yameisha.

Tabu ni kwamba jaketi zote zilikuwa rangi moja, hazina alama yoyote. Ziko kama za kila mtu pale gatini. Moja niliikuta imekaliwa juu ya punda. Nyingine mwanachama mwenzetu kaifanya mto wa kulalia, nikimuuliza ananiambia, "Si ya klabu? Na mimi si klabu?"

Nikasema basi, nitaziweka alama.

Mwenyekiti akataka tupake rangi ya mafuta. Nikamwambia hapana, rangi itakula kitambaa. Hapo nilikuwa sahihi wakuu, niandikieni hilo moja, maana ni la mwisho.

Kwa sababu baada ya hapo niliona nisiandike hata jina. Jina linafutika. Mkono wa mtu haufutiki. Nikachukua ile nakshi yangu ya kofia, nikaanza kuitoboa kwenye jaketi: ukanda mzima kifuani, unapanda begani, unashuka nyuma. Vitobo vimekaribiana kama inavyotakiwa, kila kimoja kimezungushiwa uzi mweupe.

Zilipendeza! Mwanaidi alikuwa Mombasa wiki hizo. Watu walikuwa wanakuja kutazama. Mwanachama mmoja aliuliza kama naweza kumshonea na yake ya kuvaa Idi.

Sikumaliza zote, uzi uliniishia. Kumbe ile ilikuwa rehema.

Sasa anaingia huyu bwana. Nitamwita Bwana Kombo. Ana boti zake za abiria upande wa Mokowe. Akaja nyumbani na adabu zake zote, akasema kasikia wakaguzi wa boti watapita, na jaketi zake zimechakaa. Anaomba kuazima zetu siku mbili.

Nilitaka kukataa. Wallahi nilitaka.

Lakini akaichukua jaketi moja, akaigeuza, akasema, "Huu mkono wa nani? Mimi kofia za mkono huu sijaziona tangu wazee wale."

Wakuu, nilimfungia mwenyewe kwa kamba, zote za nakshi, nikabakiza store zile chache zisizo na kitu. Nikambebea mpaka mlangoni.

Na nikajiambia, wasiwasi wa nini, alama si ipo?

Siku mbili zikawa wiki. Kisha zikaletwa na hamali, zimefungwa vilevile. Nafungua: si zetu. Jaketi zilizopauka, nyingine haina kifungo, nyingine inanuka samaki hadi nikatoka nje. Uzi wa nakshi hata mmoja hakuna.

Nampigia simu. Ananijibu kwa upole kabisa, "Hizo ndizo mlizonipa, bwana. Labda jua."

Labda jua! Jua la wapi linalofumua nakshi, likaondoa vitobo, likatia harufu ya papa? Mtu kakuibia, bado anataka umsaidie kuamini uongo wake.

Mwanaidi karudi, kaziona zile takataka. Akainuka aende kuwaambia wasichana masomo yasimame, zilizobaki hazitoshi. Nilimwona mlangoni anavaa viatu, nikaona uso wake. Hapo ndipo nilipopandwa na mori, mimi mtu wa mkeka, nikamwambia, "Twende Mokowe."

Akaniuliza kama nimechukua mfuko wa kutapikia. Nilikuwa nimechukua.

Tulimkuta Bwana Kombo gatini, boti imejaa watu wanasubiri. Jaketi zetu zimetundikwa, mpya, safi. Uzi wangu wote kaufumua! Kakaa mtu mzima na wembe, kitobo kwa kitobo, anafuta kazi ya mtu.

"Jaketi zetu hizo," nikasema.

"Onyesha jina."

"Hazina jina. Zina vitobo."

Watu wakacheka. Naye akacheka, akawageukia abiria. "Mwasikia? Kila jaketi yenye tundu ni yake. Mkienda nyumbani tazameni na vyandarua vyenu."

Nikavua kofia. Kichwa wazi mbele za watu, na kichwa changu si cha kuoneshwa. Nikaikunjua kofia, nikaiweka juu ya kifua cha jaketi, nikaisogeza kidogo.

Kitobo juu ya kitobo. Ukanda mzima.

Mzee mmoja ndani ya boti, yeye pia kavaa kofia ya vitobo, akainama akatazama, akasema, "Kombo, mpe mtu vitu vyake tuondoke. Yeo si siku ya kuteka." Kwetu kuteka ni kucheka, na yeye hakuwa anacheka.

Hakuomba radhi. Alizitupa chini moja moja kama anatupa maganda, na mwisho akasema tumemcheleweshea abiria. Eti sisi! Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu, ila Mwanaidi alikuwa keshaniminya mkono.

Nilirudi Amu bingwa. Nilitapika, lakini kwa raha.

Tulipofika nyumbani Mwanaidi akaitandaza jaketi ya kwanza. Mara ya kwanza anaitazama kwa utulivu. Akapitisha kidole kwenye ule ukanda wa begani.

"Kaka, mtu akianguka kwenye mai, mimi namvuta kwa wapi?"

Nikasema, kwa mkono.

"Kwa hapa." Akashika mabega ya jaketi, akaivuta mara moja, kama anamtoa mtu.

Ikachanika. Ikafuata vitobo vyangu vizuri kabisa, kama stempu, kutoka bega hadi kifuani, na godoro la ndani likachungulia.

Akachukua ya pili. Vilevile. Ya tatu nilimwomba asiivute.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikwenda ukutani akashusha kafi moja kuukuu tuliyoirithi kwa baba wa babu yetu, ya kabla ya ile vita ya kwanza ya Wazungu. Shingoni ina alama ya mwenyewe: kamba nyembamba imezungushwa, imepakwa lami juu. Hakuna msumari, hakuna kisu. Ukiifungua, mti mzima.

"Hawa walifunga," akasema. "Weye umetoboa."

Kwa sasa masomo yanaendelea kwa zile chache ambazo uzi uliniishia kabla sijazifikia. Wasichana wanakwenda kwa zamu, wengine wamekaa ufuoni wanangoja wenzao warudi. Yule mama aliyevutavuta jaketi kamtoa binti yake kabisa, na yule binti ndiye aliyekuwa akipiga kafi kuliko wote. Nikipita kwao navuka upande wa pili.

Kwa hiyo wenye klabu, nisikieni. Jaketi huwa na kitanzi au mkanda uliobaki ukining'inia. Funga hapo kitambaa chenye jina, na jina uliandike juu ya kitambaa kwa wino wa nguo, ule wa maji. Kalamu zenye harufu ya thinner ziacheni. Kafi izungushie utepe wa rangi yenu, usiichome moto wala kuichonga. Na ile mifuko ya kuzuia maji, mwenye sindano asiisogelee. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa nimeipanga ifuate.

Na msiazimishe. Mtu akisifu mkono wako, mpe maji anywe, umfungie mlango.

Wenye njia bora ya kuweka alama leteni hapa, hasa kwa kayak za plastiki, maana rangi haikai. Na kama kuna anayejua kukarabati jaketi iliyochanika ikaaminika tena, aniandikie, nitamsikiliza hadi kesho.

Wa kunicheka jueni mmeshatanguliwa. Bi Rukia, jirani yetu wa ng'ambo ya kichochoro, alikuwa dirishani tangu jaketi ya kwanza ilipochanika, akaangalia mpaka mwisho, kisha akasema:

"Kwa hivyo umevuka mai, umetapika, umevua kofia mbele ya watu, yote hayo kwenda kumnyang'anya mwizi taka zako mwenyewe."