Mama aligawa vitenge vyake vyote akiwa hai, majirani wakaja kulia msiba

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, miaka mingi. Leo naandika. Niko Kindu, Maniema, kazi yangu fundi cherehani. Haya nimeyaona kwa macho yangu. Anayetaka kuyaita chai aje nimpeleke kwa mama mwenyewe, ila asije mikono mitupu.

Story yenyewe inahusu vitenge.

Mama yangu, Mama Zaina, alikuwa anakusanya vitenge. Sisemi kununua na kuvaa. Kukusanya. Kitenge kikiingia kwake kinakunjwa, kinawekewa kidonge cha kufukuza wadudu, kinalala ndani ya sanduku la bati. Hakikatwi, hakishonwi.

Na mimi ndiye fundi! Nashona vitenge vya mji mzima, vya nyumbani siruhusiwi hata kuvisogelea na mkasi.

Ili mumwelewe, turudi kwanza wakati wa vita. Nilikuwa na miaka tisa.

Siku tuliyokimbia, watu walikuwa wanavuka Lualaba kwa mitumbwi kwenda ng'ambo. Tulikuwa wanne: mama, mdogo wake Mama Riziki, bibi, na mimi. Mwenye mtumbwi akatazama mizigo yetu: sanduku la mama na gunia la unga wa muhogo.

"Mama, chagula moja. Ao malle, ao unga."

Malle ndiyo hilo sanduku. Mama akachagua sanduku.

Wakuu, gunia la unga likabaki pale ukingoni! Mama Riziki alilalamika kutoka ukingo huu mpaka ukingo wa pili. Lakini tulipofika ng'ambo alishika mpini mmoja wa sanduku, mama akashika wa pili, wakaingia msituni hivyo.

Tulikaa huko miezi. Popote tulipohamia, hao dada wawili walitembea na sanduku katikati yao, Mama Riziki kushoto, mama kulia.

Na lile sanduku ndilo lililotulisha. Kitenge kilitoka, chumvi ikaingia. Kingine kikaenda kwa muhogo, kingine kwa dawa ya homa yangu. Mwanamke mmoja alijifungulia kando ya njia, mtoto akafungwa kwenye kitenge chekundu cha mama yangu.

Bibi alipofariki, sanda tungeitoa wapi? Mama akafungua sanduku, akatoa cha bluu, alichokipenda kuliko vyote, akamfunika mama yake. Sikumwona akisita.

Tuliporudi Kindu ndani kilibaki kimoja tu, cha njano chenye picha za ndege.

Sasa mnaelewa kwa nini amani iliporudi alianza upya. Alikuwa anauza mawese bandarini, na kila mwezi ukimwendea vizuri, kitenge. Sanduku likajaa, likaja la pili, mpaka yakawa manne.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Siku ya kuanika ilikuwa kama sikukuu, wanawake wa mtaa wanakuja kutazama, na mama anawatajia kila kitenge kwa jina lake la sokoni. Kulikuwa na Macho ya Jirani. Kulikuwa na Mume Wangu Anajua Kusoma. Uso wake siku hizo ulikuwa wa msichana.

Lakini penzi la kitu likizidi linakugeuka.

Hewa ya huku ni ya maji, ukisahau mkate siku mbili unaota ndevu za ukungu. Mama akaanza kuanika kila jua likitoka. Wingu likipita anakimbia uani. Akaacha soko. Akaacha kulala kwa watu. Harusi za ndugu ananituma mimi.

Mama Riziki, vita ilipoisha, aliolewa Tunda, upande wa Kibombo. Mume wake alipofariki, mama hakwenda. Kwetu kukosa msiba wa shemeji yako ni aibu ambayo watoto wako watakumbushwa.

Jibu lake lilikuwa moja: "Malle itabaki na nani?"

Kisha macho ya Mama Riziki yakaanza kufifia. Akatuma sauti kwa simu, nikamwekea mama asikilize: "Dada, macho inaisha. Kuya ningali naona hata kivuli yako."

Mama akasema mvua zipite. Zikapita. Akasema kiangazi kiishe. Kikaisha. Mwaka ukaenda hivyo.

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo fundi anamwambia mteja msumbufu, siyo mtoto kwa mama yake. Nikafunga safari ya Tunda mwenyewe.

Nilimkuta Mama Riziki haoni tena kabisa. Akanipapasa uso, akauliza, "Malle ingali?"

"Ingali, mama mudogo. Sasa iko ine."

"Ine!" Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Umwambie dada yangu vita iliisha. Pengine hakuna muntu alimwambiaka."

Nilirudi Kindu nikafikisha maneno hayo, sikuongeza wala kupunguza. Siku mbili mama alikula kidogo na hakuanika, ingawa jua lilikuwa kali.

Siku ya tatu akaniambia, "Uite bamama ya mutaa yote. Nitagawa bikwembe yangu." Bikwembe ndiyo hivyo vitenge.

Hapa ndipo nilipoharibu, wakuu. Kwetu nguo za mwanamke hugawanywa akishakufa, matanga yakiisha. Hakuna anayegawa mwenyewe akiwa anapumua. Na mimi, akili zangu zilikuwa wapi sijui, nilipita nyumba kwa nyumba nikitangaza hivyohivyo: mama anagawa nguo zake, njooni.

Walikuja wanalia! Mama Feza, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alifika na kuni kichwani na sufuria kubwa ya msiba mkononi, kamasi zinamtoka.

Mama akatokea mlangoni anatafuna ndizi. "Nani amekufa?"

"Weye!" akasema Mama Feza.

"Miye niko muzima. Muketi. Hiyo machozi muchunge ya siku ingine."

Akafungua sanduku la kwanza. Kila kitenge alikisimulia kidogo kisha akakiweka begani kwa mtu. Sharti lilikuwa moja: kishonwe na kivaliwe kabla mvua kubwa haijaanza. "Hakuna kuficha. Na fundi njo huyu," akaninyooshea kidole.

Sitadanganya, niliumia. Mimi ndiye binti wake wa pekee, na moyoni nilishajichagulia vyangu kitambo. Mume Wangu Anajua Kusoma nilimwona akiondoka begani kwa Mama Feza, ambaye mume wake hata hajui kusoma.

Kwenye sanduku la tatu mama aliacha kugawa. Akakalia mikono yake. Nilidhani atafunga kifuniko. Akavuta pumzi, akatoa mikono, akaendelea mpaka bati la chini likaonekana.

Wakuu, kukusanya kunataka jasho tu. Kuachia kulitaka moyo ambao mimi sina, na nimeuona kwa mwanamke aliyewahi kuacha unga ukingoni kwa ajili ya sanduku. Namvulia kofia mama yangu.

Wageni walipoondoka akaniletea kile cha njano chenye ndege, kilichorudi nasi kutoka msituni. "Kata. Nguo mbili. Yangu na ya mudogo wangu."

Nimekata vitenge maisha yangu yote. Kile nilianza mara tatu ndipo mkasi ukaingia.

Tukaenda. Treni mpaka Kibombo, kisha pikipiki. Mama alibeba mfuko mmoja mdogo, na njia nzima alikuwa anageuka kutafuta mzigo ambao haupo.

Mama Riziki alimpapasa mikono. "Malle umeachia nani?"

"Nimegawa."

"Yote?"

"Yote."

Asubuhi yake wakavaa nguo zao za njano, wakatoka kwenda kisimani, mimi nyuma na ndoo. Mama Riziki akasimama upande wake wa kushoto kama zamani, na bila kujua akaacha nafasi katikati, ya upana wa sanduku. Mama akaitazama ile nafasi. Akaingia ndani yake, akamshika mdogo wake mkono, wakaanza kutembea.

Nililia pale njiani, na ndoo yangu.

Nilichojifunza ni hiki: kitu kilichokuokoa jana kishukuru, lakini ukiona leo kinakuzuia kwenda kwa mtu wako, kigawe ukiwa na mikono ya kugawa. Mama yuko Tunda hadi leo, na hataki kusikia habari za kurudi.

Je, nyumbani kwenu kuna sanduku gani ambalo hamthubutu kuliacha? Semeni hapa chini, nasoma comment zote nikiwa kwenye cherehani. Msinilaumu nikichelewa kujibu, mvua inakaribia na Mama Feza amekuja tena kupima.