Siku Niliyodai Binti Yangu Apewe Sita

Sijui kama nitakanyaga Kawangware tena, lakini wacha niwaambie. Binti yangu Atieno hucheza dansi ya wawili wawili. Jumamosi iliyopita, yeye na mwenzake walifika fainali katika ukumbi mmoja huko, wakishindana na jozi zingine tano. Gauni lake nililishona mwenyewe, hapa mtaani kwetu Lindi.

Walipomaliza, majaji watano waliinua vibao. Jaji mmoja akampa Atieno mbili, na wengine wote wakampa moja. Jozi moja ya wenyeji, iliyokanyagana miguu mara mbili, ikapata sita kwa kila jaji. Mimi nimeimba kwaya kanisani miaka mingi, na huko mwenye maksi nyingi ndiye mshindi. Nikamgeukia mama ya yule msichana aliyepata sita, nikamwambia kwa uchungu, "Hongera, mmependelewa."

Nikaenda moja kwa moja hadi meza ya majaji. "Mtoto amecheza vile, mnampa moja? Mpeni sita kama hao wengine!"

Jaji mkuu akavua miwani. "Mama, uko sure unataka sita?"

"Sita! Na sitoki hapa mpaka muandike!"

Atieno akaja mbio akanishika mkono. "Mathe, hizo si maksi, ni nafasi. Moja ni ya kwanza. Unawaambia watuweke wa mwisho."

Nyuma yangu, yule mama wa msichana aliyepata sita akapaza sauti: "Kama hataki hiyo moja, ileteni huku!"