Siku Niliyomlisha Eleazari Nguruwe

Nakumbuka Ijumaa moja nilipokuwa na miaka kumi na tatu, Mwanangu, na ndevu za pamba zilizonifika kifuani. Sasa nina kumi na saba na ndevu bado ni za pamba, lakini nisikilize hivyo hivyo.

Hapa Maskati Jumapili ni siku ya kazi, kwa hiyo sisi Wakenya husali Ijumaa. Baada ya misa, watoto wa katekisimu tuliigiza habari za Eleazari, mzee wa Kiyahudi wa miaka tisini. Mfalme wa Wayunani alitaka Wayahudi waache sheria zao waishi Kiyunani, askari wake wakamwekea mzee nyama ya nguruwe. Rafiki zake wakamnong'oneza alete nyama yake halali, ajifanye tu anakula ya mfalme. Akakataa. Alisema vijana watadhani mzee amegeuka, nao wageuke. Wakamuua.

Eleazari nilikuwa mimi. Nguruwe wetu alikuwa mishkaki ya ng'ombe kutoka soko la Matrah, bado ya moto, nami sikuwa nimeonja kitu tangu asubuhi. Askari aliponisogezea sahani nikasema, "Basi kipande kimoja tu, mfalme asinune." Nikala yote minne. Ukumbi ulicheka hadi askari wenyewe wakaketi chini.

Nyumbani, mdogo wangu Nekesa, wa miaka saba, hakucheka. Darasani kwao walimwita Nancy kwa kuwa jina lake liliwashinda, na kila siku alikataa kuitika.

"Mbona Eleazari alikula?"

"Ulikuwa mchezo tu, wewe."

"Kama mzee amekula, keshokutwa shuleni nami nitaitika Nancy. Nimechoka."

Na akaitika, wiki nzima, mbele yangu ndani ya basi la shule. Nekesa ni jina la nyanya yetu, Mwanangu.

Nikamwendea Mwalimu Tekla, muuguzi aliyetufundisha katekisimu, nikimwomba turudie mchezo. Nilingoja kufinywa.

"Hata mimi nilicheka," akasema. "Lakini yule mzee hakumwogopa mfalme. Aliogopa macho ya watoto."

Ijumaa iliyofuata watu walikuja wakiwa na kicheko tayari. Nyama ilinukia kuliko mara ya kwanza. Nadhani Mwalimu aliongeza ndimu makusudi. "Jifanye tu, mzee wetu," rafiki akaninong'oneza. Nikaisukuma sahani. "Miaka tisini nimeishi kama Myahudi, nije kuwadanganya watoto leo?" Hakuna aliyecheka. Nekesa alikuwa amesimama juu ya kiti.

Jumapili, ndani ya basi la shule, mvulana mmoja akaita, "Nancy!" Mdogo wangu akatazama dirishani. Akaita tena, akaita mara ya tatu, kisha akajikongoja: "Ne-ke-sa."

"Naam?"

Kifua kilinivimba hadi nikafungua kifungo.

Kwa hiyo, Mwanangu, chekesha watu upendavyo, mimi sijaacha. Ila kile wadogo zako wanachokishikilia usikiuze kwa kicheko. Ukiambiwa ujifanye tu, geuka kwanza uone nani anakutazama. Mungu akujalie jina linalowashinda watu, na kichwa kigumu cha kungoja walijifunze. Akupe na mishkaki pia, mchezo ukishaisha.