Nusu ya Ukurasa wa Mama Siha

Bi Mwanatabu hakuwahi kumiliki gazeti zima maishani mwake. Yote aliyoyajua kuhusu afya yalimfikia yakiwa yamefunga kitu: dengu, njugu, dagaa, pilipili. Alikunjua ile karatasi mezani, akaipangusa mafuta kwa kitambaa, akailaza chini ya godoro mpaka inyooke. Ikishanyooka aliitia ndani ya bati la biskuti lenye picha ya farasi wawili, na bati alilifungia kabatini pamoja na cheti cha kifo cha mumewe.

Nilipanga chumba kwake Mtongwe mwaka 1987, nikiwa mwalimu mgeni, msichana niliyetoka chuoni na sanduku moja la nguo na moja la vitabu. Yeye alikuwa na miaka hamsini na kitu, mjane, mnene kiasi, mwenye sauti ndogo. Mumewe, Mwidani, alikuwa mpakizi bandarini. Msumari ulimchoma kupitia soli ya kiatu, wala hakuusikia, kwa kuwa alikuwa na ugonjwa wa sukari na nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi. Alikatwa mguu chini ya goti. Baada ya wiki tano alikatwa tena, juu ya goti. Baada ya miezi miwili akafa. Kila kilichokatwa kililetwa nyumbani kikiwa kimefungwa nguo nyeupe, kikachimbiwa makaburini, kama ilivyo ada.

“Mume wangu alizikwa mara tatu,” aliniambia siku za mwanzo, tukichambua mchele ukumbini. “Mimi kufa nitakufa, Mwalimu, sina ubishi na Mungu. Lakini nataka nizikwe mara moja.”

Mwaka uliofuata zahanati ilimkuta na sukari yeye pia. Nesi alimpa vidonge, akamwambia asile vitamu, akamwita anayefuata. Foleni ilikuwa ndefu, na nesi alikuwa mmoja. Bi Mwanatabu alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi ya mlango bila ya kuvua buibui.

“Nimeambiwa nisile nini,” alisema. “Hakuna aliyenambia niishi vipi.”

Hapo ndipo alipoanza kutafuta mtu wa kumwambia.

Kusoma alijifunzia ukubwani, katika darasa la ngumbaru, akikalia madawati ya wajukuu wa wenziwe. Alisoma polepole, kidole kikitangulia. Kwa sababu kusoma kulimgharimu jasho, alikiheshimu kilichopigwa chapa kuliko mtu yeyote niliyemjua mimi, mwalimu. Lakini asidhaniwe alikuwa mjinga wa kuamini kila kitu. Alikuwa na kanuni zake. Yule mtu aliyesimama karibu na kivuko cha Likoni na kipaza sauti, akiuza mizizi ya kutibu maradhi arobaini, alimpita bila ya kugeuka. “Mwenye dawa ya kila kitu hana dawa ya kitu,” alisema. Mwandishi aliyemalizia makala kwa kutaja duka la kununulia dawa alitupwa jikoni kuwashia moto. Mmoja aliyesema tende ni sawa kwa mwenye sukari, halafu karatasi nyingine, jina lilelile, akasema tende ni sumu, naye alikwenda na moto. Daktari wa redioni alimsikiliza Jumamosi baada ya Jumamosi, mwisho akamzima.

“Asema vyema,” alisema, “ila asema na watu wote.”

Karatasi zilitoka kwenye duka la Ngumbao, Mgiriama mmoja mcheshi aliyenunua magazeti ya zamani kwa kilo kutoka ofisi za mjini. Kila ukurasa aliupasua katikati, kwa maana ukurasa mzima kwa robo kilo ya dengu aliuona ni israfu.

“Bi Mwanatabu,” alimwambia mbele yangu, “leo nikufungie kwa mpira au kwa siasa?”

“Nifungie kwa afya.”

“Afya imekwisha. Iko mazishi na matangazo ya viwanja.”

“Basi weka dengu zako, nitakuja kesho.”

Ngumbao aligonga mizani akicheka. “Wallahi mama huyu hanunui dengu! Anunua karatasi, dengu ni nyongeza!”

Yeye si Mwislamu, lakini kuapa wallahi alikuzoea kwa kuishi nasi.

Mwaka 1989 ndani ya njugu akatokea Mama Siha. Kilikuwa kijigazeti cha Kiswahili kilichotoka kila Ijumaa, na ukurasa wa mwandishi huyo ulikuwa na picha ndogo ya mwanamke wa makamo, ushungi kichwani, anatabasamu kwa upande mmoja. Hakuanza na maradhi. Alianza hivi: “Umeamkaje, dada yangu? Miguu inasemaje leo?”

Bi Mwanatabu alikuja na karatasi chumbani kwangu.

“Mwalimu, hebu soma hapa. Yauliza miguu.”

Nilisoma. Yalikuwa maneno mazuri, ya mtu anayejua kazi yake. Hakuuza kitu. Alisema chakula kisipimwe kwa hofu, kipimwe kwa kiganja. Kwamba mtu asiyetembea mwili wake humsahau. Kwamba aanze kwa nyumba kumi, kesho ishirini, na asimwonee haya jirani.

Kuanzia hapo hakumtaka mwingine. Alikwenda kwa Ngumbao wakapatana: ukurasa wa Mama Siha usipasuliwe, uwekwe kando mzima, naye atakuwa mnunuzi wake wa kila wiki mpaka mauti. Ngumbao alikubali, na kwa zaidi ya miaka miwili alitimiza ahadi.

Kila siku baada ya sala ya alfajiri Bi Mwanatabu alivaa raba za marehemu mumewe, akajaza matambara vidoleni zisimpwaye, akatoka. Mwanamke wa Kidigo wa umri ule, ndani ya buibui, akitupa mikono kama askari! Mwanarehema aliyekuwa akichoma mahamri kando ya njia hakumwachia hata siku moja.

“Haya Bi Mwanatabu! Wamkimbiza nani?”

“Namkimbia, simkimbizi.”

“Nani huyo?”

“Aliyemchukua Mwidani.”

“Huyo hakimbiwi kwa raba, mama. Njoo ule hamri.”

“Kula wewe na sehemu yangu, upate kunenepa unifikie.”

Wanawake walicheka, naye akacheka, lakini hakusimama. Kwenye arusi na matanga alikaa na sahani ya wali akaula kwa kiasi cha kiganja, akavumilia kuitwa mwenye maringo. Mwaka 1990 sukari yake ilishuka. Nesi aliuliza anatumia dawa gani nyingine. Akamjibu kwa fahari, “Nina mwalimu wangu.” Nilidhani ananisema mimi. Alikuwa akimsema Mama Siha.

Ngumbao alifiwa na mama yake mwanzoni mwa mwaka 1992, akaenda Kaloleni kwa wiki tatu. Dukani akabaki mkewe, Kache, mtu mwema asiyejua lolote juu ya mapatano yale. Alipasua karatasi kama zinavyopasuliwa.

Jioni moja ya wiki hizo tatu Bi Mwanatabu aligonga mlango wangu. Nilikuwa na rundo la madaftari ya darasa la saba, mtihani wa majaribio, na mwalimu mkuu alikuwa anayataka asubuhi.

“Hodi, Mwalimu. Sikukati kazi?”

“Karibu, Bi Mwanatabu.” Sikuinua kichwa.

Alinyoosha karatasi. Mama Siha wiki ile alikuwa akisifu mchanga. Alisema wazee wetu walitembea pekupeku ufukweni alfajiri na damu yao ikaamka kuanzia nyayo. Vua viatu, dada yangu, uisikie ardhi. Chini ya hapo, katikati ya sentensi, karatasi ilikuwa imepasuliwa. Neno la mwisho lilikuwa “Lakini”.

“Hapa mwisho pamekatika,” alisema. “Unadhani yasemaje?”

Nililitazama lile neno. Nimelitazama mara nyingi baadaye, na kila mara najua kwamba mtu aliyefundishwa kusoma, aliyefundishwa kufundisha kusoma, hawezi kuliona neno hilo mwishoni mwa karatasi akaendelea na shughuli zake. Mimi niliendelea.

“Ah, ni kumalizia tu. Mwisho huwa ni salamu.”

“Salamu tu?”

“Salamu tu, Bi Mwanatabu.”

“Haya, mwanangu. Kazi njema.”

Kesho yake raba zilibaki mlangoni. Niliziona nilipokuwa nikitoka kwenda shule. Zilikuwa zimepangwa vizuri, visigino vimegusa ukuta. Nikazikiuka.

Mchanga wa upande wetu si ule wa picha za watalii. Ni ukanda mwembamba kando ya hori, na maji yakitoka huacha matope, mizizi ya mikoko na makombe ya chaza yaliyovunjika. Alitembea hapo siku tisa. Siku ya kumi aliona alama nyekundu sakafuni ukumbini, akadhani kuku amechinjwa vibaya. Aliifuata ile alama mpaka alipogundua kwamba inamfuata yeye.

Kipande cha kombe kilikuwa kimezama chini ya kidole gumba. Hakujua kimekaa humo siku ngapi.

Nilimpeleka zahanati siku ileile. Walikitoa, wakasafisha, wakamfunga, wakamtaka arudi kila siku ya pili. Alirudi. Alifanya kila aliloambiwa. Mguu haukufanya. Kidole kiligeuka rangi, halafu cha pili, na mwezi wa nne nesi aliandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa, ng'ambo ya kivuko.

Ngumbao alikuwa amerudi. Nilikwenda kwake nikamwomba anifungulie chumba cha nyuma. Tulikaa chini kati ya marundo ya magazeti, mchana mzima wa Jumapili, tukitafuta nusu ya ukurasa. Hatukuiona, pengine ilishafunga dagaa wa mtu. Lakini chini ya rundo jingine Ngumbao alipata nakala nzima ya toleo lile, iliyotoka ofisi nyingine. Yeye mwenyewe hajui kusoma. Alinipa akanitazama usoni.

“Yasemaje, Mwalimu?”

Yalisema: “Lakini mwenye ugonjwa wa sukari asivue viatu kabisa, hata ndani ya nyumba yake, hata akienda msalani. Nyayo zake hazitamwambia alichokikanyaga. Dada yangu mwenye sukari, wewe makala haya si yako. Yako ni ya wiki ijayo.”

Nilimsomea Ngumbao. Akasema, “Mimi ndiye niliyemzoesha mke wangu kupasua.”

Sikumwambia langu. Nilikunja ukurasa nikautia ndani ya mkoba.

Walimkata mguu chini ya goti mwezi wa tano. Nduguye, Mwinyihaji, ndiye aliyekwenda kuuchukua. Nilikuwa naye kwenye feri ya Likoni tukirudi. Alikaa wima, kile kifurushi cheupe kikiwa mapajani, na watu waliokuwa karibu nasi wakasogea taratibu bila ya kuambiwa kitu. Wanaume wakaenda kuuzika jioni hiyo, kando ya Mwidani. Wanawake tulibaki uani. Mwanarehema alileta mahamri, na hakuna aliyeyagusa.

Bi Mwanatabu aliporudishwa nyumbani alikuwa amepungua sana. Alilala chumba cha mbele, dirisha likiwa wazi. Hakulia mbele yangu. Aliomba bati lake liwekwe kitandani, naye akawa anazitoa karatasi moja moja, akazisoma kwa kidole, akazirudisha.

Niliamua kumwambia mara nyingi. Nilijiambia ana haki ya kujua kwamba hakukosea, kwamba alimchagua mwalimu sahihi na yule mwalimu alimwonya. Lakini kila nilipofika mlangoni nilijua pia kwamba sehemu ya pili ya habari hiyo ni mimi. Nikauliza kama amekula, nikatoka.

“Mama Siha hana kosa,” alisema siku moja, bila ya mimi kuuliza. “Alisema damu itaamka. Yangu imelala mno. Labda ningalianza zamani, Mwidani akiwa hai. Ni uvivu wangu.”

“Si uvivu, Bi Mwanatabu.”

“Wajua nini wewe, mwanangu? Una miguu ya chuma.”

Mwezi wa tisa kidonda kilipanda. Daktari alisema wakate tena, juu ya goti. Mwinyihaji alikaa naye siku nzima kumsihi. Alikataa.

“Nilitaka mara moja,” alimwambia. “Imekuwa mbili, mguu na mimi. Ya tatu msinipe.”

Wiki ile nilikuwa nikimpangia mito, akanishika mkono. Kiganja kilikuwa cha moto.

“Mwalimu.”

“Abee.”

“Ile karatasi ya mchanga. Ule mwisho wake, uliwahi kuupata?”

Mkoba wangu ulikuwa begani. Niliusikia uzito wake, nao haukuwa na kitu zaidi ya chaki, kitambaa na ule ukurasa. Alikuwa akinitazama kwa macho ya mtu wa ngumbaru, macho yanayosubiri mwenye kujua aseme.

“Sikuupata,” nikasema.

“Basi ilikuwa salamu tu, kama ulivyosema.”

“Salamu tu.”

Aliniachia mkono, akageukia dirishani. “Alikuwa na adabu, yule mama,” alisema. “Hakuwahi kuondoka bila ya kuaga.”

Tulimzika Ijumaa iliyofuata.