Wakala wa Maji Tu

Mume wangu alipokufa nilikaa eda hapa Ibra, Omani, miezi minne na siku kumi, nimevaa nguo za rangi moja, sitoki hata uani kwa jirani. Watu wanasema eda ni majonzi. Majonzi nilikuwa nayo. Lakini nilikuwa na woga vile vile, na woga wenyewe ulikuwa wa shamba.

Shamba lile ni langu. Si la marehemu, si la ukoo wake. Nimerithi kwa mama yangu, mitende pamoja na zamu ya maji ya falaji, mfereji wa mji mzima. Ila marehemu ndiye aliyelisimamia tangu tuliporudi kutoka Unguja, mpaka watu wakasahau la nani. Na mimi mjinga nilikuwa nasema "shamba letu."

Wiki ya tatu akaja shemegi yangu, mdogo wake marehemu. Haruhusiwi kuniona, basi yeye kakaa majlisi, chumba cha wageni, mimi nyuma ya mlango, na mjukuu wangu katikati, anapitisha kahawa.

"Shemegi, pole na eda."

"Nishapoa. Sema."

"Maji hayangoji eda. Zamu yako ikipita hapana mtu, jirani atayafungulia kwake. Nimeleta karatasi ya wakala. Tia saini, mengine niachie mimi."

"Wakala wa nini?"

"Wa kila kitu. Ndivyo wanavyoandika."

La maji alisema kweli. Mitende miwili mitatu ilishaanza kunyauka. Na mimi skuli sikukaa, lakini jina langu nimejifunza kuliandika ukubwani, na kila nikipata pa kuliandika naliandika. Kalamu nilishaishika.

Mjukuu wangu akanyakua karatasi. Huyu anasoma chuo kikuu Nizwa, Kiarabu anacho, Kiingereza anacho, adabu anayo akitaka.

"Bibi, hapa pana kuuza. Pana kuweka rahani. Na mwisho wa muda hamna."

Nikamwambia shemegi aiache karatasi, aje Jumamosi. Akauliza kwani ina samaki ndani, hata ingoje kuiva. Nikamwambia ndiyo, na miba anayo.

Jioni ile mjukuu wangu alikuwa na somo lake la chuo, habari za bibi mmoja wa kizungu wa Ayalandi, zamani za wafalme na mapanga. Nikamwambia anisomee, angalau nisikie habari ya mtu mwengine. Yule bibi naye kafiwa na mume. Kapewa thuluthi ya ardhi ya mumewe ale mpaka afe.

"Thuluthi! Mimi nimepata thumuni, fungu moja la nane."

"Bibi, sikiliza. Na ardhi aliyorithi kwa baba yake anayo, nusu Ayalandi, nusu ng'ambo ya bahari, Uingereza. Mfalme akataka kumwoza mtu amtakaye yeye."

"Mfalme ndiye walii wake? Hana kazi?"

"Yule bibi akakataa. Akakaa na ardhi yake."

"Pande zote mbili za bahari? Nani akimwangalizia huko asikokuwepo?"

"Wakala. Lakini barua yake inamtaja nani, inataja kazi gani, na miaka miwili tu. Ikisha, imekufa."

Nikakaa kitako. "Soma tena hapo."

Akasoma tena. Nikamwambia achukue karatasi safi, nikamtajia maneno, yeye akaandika kwa Kiarabu: kupokea zamu ya maji na kumwagilia, basi. Mwisho wake siku ya mwisho ya eda yangu.

Jumamosi shemegi akapewa ile mpya. Nikasikia anaikunjua. Mimi nyuma ya mlango na woga wangu, maana akikasirika akaondoka, mitende itakufa na mimi nimefungwa ndani naitazama kwa masikio.

"Shemegi, huniamini?"

"Nakuamini mpaka eda iishe."

Mara nikasikia anacheka, mpaka kahawa ikampalia. "Wallahi umeniokoa! Ile kaiandika mtu wa duka la kupiga chapa, sikuisoma. Mimi na mgongo huu mbovu, nilidhani nimeshatwikwa mitende yako mpaka kaburini."

Kweli au uongo, sijui, wala sikumchimba. Niliegemea ukuta nikashusha pumzi, ndiyo ya kwanza tangu msiba. Mjukuu wangu ananitazama, anacheka. Nikamwambia kama chuoni hawampi alama kwa yule bibi, naenda huko mwenyewe.

Mwandishi wa serikali, anayethibitisha wakala, akaja nyumbani na mashahidi, nikatia saini, jina zima, herufi zote.

Eda ilipokwisha nilioga, nikavaa, nikaenda shambani zamu yangu. Shemegi alikuwepo, jembe begani. Mgawa maji akauliza nani anapokea leo.

"Mwenyewe," nikasema.

"Mwenyewe nani?"

"Huyu hapa!" Shemegi kanielekezea kidole, akaweka jembe chini, akaenda zake kivulini kunyoosha mgongo. Mimi nikapandisha nguo, nikaingia mferejini, nikazibua.